Ufunguo Shingoni mwa Aroita

Nianze na ile picha, kwa kuwa ndiyo inayonikera mpaka leo. Imetundikwa katika ofisi ya mtaa wetu hapa Betio, kisiwani Tarawa, tena imewekewa kioo. Inaonyesha choo cheupe chenye mlango wa kijani, na mbele yake wazee watatu wenye mashada ya maua vichwani. Wazee wanacheka. Hakuna mwanamke hata mmoja katika picha hiyo. Na choo kile, kuanzia saruji na mabati mpaka sinki lenyewe, kimejengwa kwa mali ya mwanamke. Jina lake ni Aroita, au Nei Aroita, yaani Bibi Aroita, kwa heshima. Mimi ni mwanamke mwenzake, na nyumba yake na yangu zinachota maji katika kisima kimoja, kwa hiyo haya sikusimuliwa na mtu.

Aroita si mzaliwa wa Tarawa. Alizaliwa Nonouti, kisiwa chenye nafasi. Huko, alikuwa akituambia, mtu akibanwa na haja alijua njia yake: wanawake walikuwa na ufuo wao nyuma ya minazi, wanaume wao, na bahari kuu ilikuja kufagia. Hakusema kulikuwa kusafi. Alisema kulikuwa na staha. Kisha akaolewa na Boiti, baharia wa meli za mizigo, akaletwa huku kwenye ardhi ya kina Boiti. Ardhi yetu ni nyembamba kama mkanda, na nyumba zimebanana kiasi kwamba ukipiga chafya kwako, jirani anakuombea afya kwake. Ufuo ni mmoja, watu ni wote. Pale pale watoto wanapoogelea, pale pale tunapochimbua kombe wa kupika, ndipo mtaa mzima unapokwenda haja. Tunajua. Hakuna asiyejua.

Boiti alikufa kwa maradhi ya moyo akiwa likizoni. Kabla yake alikuwa amekufa mtoto wao wa kiume, Tiaoti, mwaka ule wa kuhara, akiwa bado hajaota meno yote. Daktari alisema ni maji ya kisima. Chini yetu ni mchanga na matumbawe tu, kinachomwagwa juu tunakinywa kesho. Tiaoti amezikwa mbele ya nyumba, kaburi dogo lililozungushiwa chupa zilizofukiwa midomo chini, na Aroita hulifagia kila asubuhi kabla hajafagia kitu kingine. Akabaki na binti mmoja, Merewi, ambaye siku hizi yuko New Zealand akichuma matunda katika mashamba ya watu.

Halafu ikaja sukari. Wali mweupe, chai tamu, mikate ya unga mweupe: ndicho chakula kilichopo dukani, ndicho tunachokula, na ndicho kinachotukata miguu. Wa Aroita wa kushoto ulikatwa chini ya goti. Akarudi kutoka hospitali na magongo mawili na kigutu kilichofungwa bendeji, na siku ya pili yake akakabiliwa na swali ambalo hakuna aliyemuuliza pale hospitali: mtu mwenye mguu mmoja anakwendaje ufuoni?

Anakwenda hivi. Anaamka kabla ya mwanga, mimi namshika kiuno, tunashuka kwenye ukuta wa mawe. Magongo yanateleza kwenye mwani. Anajisitiri kwa khanga nikiwa nimempa mgongo, na vijana wanaovua kwa taa wanapita wakikohoa kwa makusudi. "Bibi amekuja kuvua kwa fimbo!" alisema mmoja siku moja, wenzake wakaangua kicheko. Aroita akamjibu, "Njoo uchukue chambo basi, kiko tayari." Kijana aliona haya. Lakini tuliporudi nyumbani Aroita hakunywa chai. Aliketi kwenye ulingo wake, jukwaa la mbao mbele ya nyumba, akitazama kaburi.

Siku ya bamvua maji yalijaa upesi kuliko tulivyokisia. Wimbi lilimpiga magongo, akaanguka juu ya matumbawe, na kigutu kikachanika ndani ya maji yale, maji ambayo nimekwisha kueleza yana nini ndani yake. Baada ya siku chache kilinuka. Daktari, kijana mwenye miwani, alikifungua akakunja uso.

"Mama, nisikilize. Uchafu ukiingia humu mara nyingine, nitakata juu ya goti. Nikikata juu ya goti hutasimama tena kwa magongo. Utakuwa mtu wa kubebwa."

"Nimesikia, mwanangu."

"Una choo nyumbani?"

"Sina."

"Basi jenga choo."

Alisema hivyo kama mtu anayekuambia ununue chumvi. Simlaumu sana. Nawalaumu waliomfundisha kutibu vidonda bila kumwonyesha vinapotoka.

Merewi alipoambiwa alilia kwenye simu, kisha akaacha kulia. "Mama, ninatuma. Lakini si kwa kanisa, si kwa karamu, si kwa mtu yeyote. Ni choo chako. Unanisikia? Choo chako."

"Ninakusikia."

"Na mtu akija kuomba?"

Aroita akamuuliza binti yake kama kuna baridi huko.

Lazima nieleze kidogo juu ya kuomba. Kwetu ndugu akikujia, akaketi, akasema, "Nakuja kwa bubuti," jibu ni moja tu: unampa. Awe anataka mtumbwi, shati lililo mwilini mwako au nguruwe uliyemnenepesha kwa harusi ya mwanao, unampa, na kesho wewe nawe utampelekea bubuti yako. Ukikataa, hujamkataa yeye, umejikata mwenyewe kwenye ukoo. Siitukani mila hii. Babu zetu wangekufa miaka ya ukame kama kila mtu angekumbatia nazi zake. Lakini nimekaa mtaani hapa miaka mingi nikiangalia ni nani huomba na ni nani huombwa, na sijapata kuona mjane aliyeolewa kutoka kisiwa kingine akienda kwa mkubwa wa ukoo na kurudi na mtumbwi.

Mzigo ulifika kwa lori: saruji, mbao, mabati, mlango uliopakwa rangi ya kijani, bomba, na sinki la kukalia, jeupe, limefungwa kwa nyasi ili lisivunjike. Tuliufunika kwa turubai kando ya ulingo. Mafundi waliahidi kuja baada ya Jumapili. Aroita aliketi akiulinda kama mtu anayelinda mtoto mwenye homa.

Ijumaa alikuja Kautuna.

Kautuna ni kaka mkubwa wa marehemu Boiti. Ndiye mwenye ardhi, ndiye mwenye kusema katika mwaneaba, banda letu kuu la mikutano, akiketi pale alipoketi baba yake. Ni mtu mcheshi, anayependwa. Hilo nalo linanikera.

"Shemeji, hujambo?"

"Sijambo, shemeji. Karibu uketi. Wali upo na samaki yupo."

"Nimeshiba, nimeshiba." Akainua pembe ya turubai. "Lo! Mtu akipita barabarani atadhani unajenga hoteli."

"Ni choo tu, shemeji."

"Choo hiki? Hiki ni cha malkia." Akacheka, nasi tukacheka kwa adabu. Kisha akaketi, akakunja miguu, na nilipomwona anakunja miguu nilijua kinachokuja. "Shemeji, unajua wageni wa mradi wa maji na usafi wanakuja. Watakula mwaneaba, watashinda mwaneaba. Sasa wale hawaendi ufuoni."

"Hata mimi ufuo umenishinda, shemeji."

Alijifanya hakusikia. "Tutaaibika mbele za watu. Nakuja kwa bubuti. Saruji."

Kisima kilikuwa karibu, nikasikia ndoo ya mtu ikigonga maji. Aroita alitazama mikono yake.

"Chukua, shemeji."

Jumamosi alirudi kuomba mabati, mbao na mlango. Jumapili, baada ya ibada, kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilimsikia Aroita akibishana naye.

"Shemeji, sinki niachie. Hata kama choo sina, sinki niachie. Nitaliweka nyuma ya nyumba juu ya shimo, nitazungushia majani ya mnazi."

"Shemeji yangu, mlango umetoa, na mlango bila sinki ni kabati. Unataka wageni waingie kabatini?" Mwanawe aliyekuja na toroli alicheka mpaka akashika tumbo. "Nakuja kwa bubuti."

Sinki lilipakiwa. Walipokwisha kuondoka nilimwambia, "Mbona hukukataa? Sema neno moja tu!"

Akaniuliza, "Nikikataa, nitazikwa wapi?"

Ardhi ile ni ya kina Kautuna, pamoja na ile pembe yenye chupa zilizofukiwa.

Choo kilijengwa nyuma ya mwaneaba kwa wiki moja, na pipa la maji ya mvua pembeni. Ni kazi nzuri, siwezi kusema uongo. Siku kilipomalizika Kautuna alikitia kufuli, akauvaa ufunguo shingoni kwa kamba ya makumbi ya nazi, akatangaza kwamba hakuna wa kukigusa mpaka wageni wafike. Nilikwenda mwenyewe kumwomba Aroita aruhusiwe kuingia, yeye peke yake, kwa sababu ya kidonda.

"Na avumilie," alisema. "Wageni wakikikuta kinanuka, mtaa mzima utaonekana wachafu."

Basi Aroita alivumilia kwenye ndoo, nyuma ya mkeka. Mimi ndiye niliyeibeba ile ndoo. Na mnajua niliimwaga wapi. Pale pale. Niliimwaga ndani ya maji yale yale yaliyotaka kumla goti, mbele ya mlango wa kijani ambao ungeweza kumwokoa, nikarudi nikanawa mikono kwa maji ya kisima kile kile. Kama kuna mtu anasoma haya akitaka kujua hasira ina ladha gani, ni hiyo.

Siku ya wageni mwaneaba ilipambwa. Tuliwavika mashada, tukawapaka mafuta ya nazi, tukawamwagia poda shingoni kama ilivyo desturi. Kulikuwa na nguruwe, viazi vya bwabwai, mashelisheli, samaki wa kila namna. Vijana walicheza dansi ya kukaa mpaka mikeka ikatoa vumbi. Wanawake wa kuolewa tulikaa nyuma, Aroita akiwa kando yangu, kigutu amekinyoosha juu ya mto. Alikuwa hajala tangu jana yake. Alikuwa anaogopa kula, kwa sababu ya ndoo.

Mgeni mmoja, mama mwenye nywele za kijivu, aliuliza kupitia mkalimani: je, watu wa hapa wanasaidianaje?

Swali lilimpendeza Kautuna. Alisimama, akajishika kiuno.

"Waambie hivi. Hapa kwetu hakuna fukara, kwa sababu hatuna neno 'hapana'. Ndugu akikuomba, unampa. Hata hili shati nililovaa, ndugu akiliomba sasa hivi ninalivua."

"Mwombeni shati!" alipiga kelele bibi mmoja kutoka mkeka wa pili. "Mwombeni na suruali!"

Banda zima liliangua kicheko. Wageni walicheka kabla hawajatafsiriwa.

Nilihisi mkeka ukisogea. Aroita alikuwa anashika magongo. Nilidhani amebanwa anataka kutoka, nikanyanyuka kumsaidia, akanisukuma kwa kiwiko. Alipita kati ya wanawake, akapita kati ya wacheza dansi, akaenda mpaka katikati, mahali ambapo mke wa kuolewa hafiki. Vicheko vilikufa kimoja kimoja. Aliposimama mbele ya Kautuna, nilisikia tu magongo yakikwaruza changarawe chini ya mikeka.

"Shemeji," alisema. "Nakuja kwa bubuti."

Kautuna alikuwa bado anatabasamu. "Omba, shemeji, omba! Waone wageni. Unataka paja la nguruwe?"

"Ufunguo."

"Ufunguo upi?"

"Huo uliouvaa."

Mkalimani, kijana asiye na akili ya kunyamaza, akatafsiri. Yule mama wa nywele za kijivu akaweka mkono kifuani kwa kuguswa, akaanza kupiga makofi, na wenzake wakamfuata. Waliona ni mchezo tuliouandaa wa kuwaonyesha mila. Hatukupiga makofi sisi.

Kautuna akainama, akasema chini kwa chini, lakini mwaneaba haina kuta na kila mtu alisikia. "Shemeji, si leo."

"Bubuti haina leo wala kesho. Uliponijia mimi hukuniuliza leo au kesho."

Alitazama wazee. Wazee walitazama mikeka yao. Kama angekataa, angekataa mbele ya ukoo mzima, mbele ya wageni, na maneno yake mwenyewe yakiwa bado yananing'inia chini ya dari. Akainua ile kamba juu ya kichwa, shada la maua likaanguka nayo, akampa.

Aroita aliuvaa, akageuka, akatoka upande wa nyuma. Tulisikia kufuli likifunguka. Tulisikia komeo likifungwa kwa ndani. Kautuna akaendelea na hotuba yake kuhusu maendeleo ya mtaa, ila hakuna aliyemsikiliza. Wote tulikuwa tunasikiliza mlango. Na Aroita hakufanya haraka. Wageni walipotaka kupiga picha choo, ilibidi wasubiri juani na kamera zao, wazee watatu wamejipanga, mpaka maji yaliposikika yakimwagwa na yeye akatoka, akawapita bila kusema kitu. Ndipo ile picha ikapigwa. Hakuna aliyemwambia, "Mama, nawe simama hapa."

Tangu siku ile Aroita alikwenda pale kila asubuhi, kwa njia kavu, bila kushikwa kiuno. Akaanza kufuatwa. Kwanza jirani yetu Tekarara, aliyekuwa na mimba kubwa, kisha bibi kipofu wa nyumba ya mwisho, kisha wasichana walio katika siku zao, ambao zamani walikuwa hawaendi shule siku hizo. Aroita hakumrudisha mtu. Sharti lake lilikuwa moja: anayeingia aje na ndoo ya maji, na aache pakavu. Kigutu kikapona. Daktari wa miwani alikigeuza huku na huku akafurahi.

"Ulijenga choo?"

"Nilijenga."

"Kiko wapi?"

Aroita alivuta kamba kutoka ndani ya blauzi akamwonyesha ufunguo. Daktari hakuelewa, naye hakumweleza.

Ilipokaribia Krismasi Kautuna alikuja tena. Nilikuwepo, tukiparua samaki kwenye ulingo. Safari hii hakuwa na mzaha.

"Shemeji, wageni wameandika. Watarudi mwakani na wakubwa wao. Wazee wamekaa wakaamua: choo ni cha mwaneaba, ufunguo ukae kwa wazee." Akakunja miguu. "Nakuja kwa bubuti."

Aroita aliendelea kuparua. Magamba yalimrukia mikononi.

"Hapana."

Sikuwahi kusikia neno lile likijibu maneno yale. Nadhani hata Kautuna hakuwahi, maana aliinamisha sikio kama mtu mwenye maji masikioni.

"Umesemaje?"

"Hapana, shemeji. Uliomba saruji, nikakupa. Uliomba mabati, nikakupa. Uliomba sinki, nikakusihi, ukanicheka, nikakupa. Mtoto wangu hakuombwa, alichukuliwa. Mguu wangu hivyo hivyo. Mguu uliobaki sitoi."

"Unajua unachokisema? Unajua umeketi juu ya ardhi ya nani?"

"Ninajua."

"Na ukifa? Utazikwa wapi?"

Nilikwisha kulisikia swali hilo kinywani mwa Aroita mwenyewe, na nikaogopa. Lakini alinyoosha kisu, akaelekeza kwenye kaburi lenye chupa. "Pale, kwa mwanangu. Kama hamtaki, nitupeni ufuoni. Mmetupa mengi ufuoni, sitakuwa wa kwanza."

Kautuna alisimama. Alikuwa na neno, alilitafuna, akaondoka nalo.

Sitasema mambo yalikwenda vizuri. Siku ya karamu ya Krismasi, wakati wa kugawa chakula, nyumba ya Boiti haikuitwa kuchukua fungu lake. Wa ukoo ule wakimkuta Aroita kisimani, wanageuza ndoo zao na kuondoka. Kuna wazee wanaosema ameivunja bubuti, na kwamba mila ikivunjwa na mwanamke mmoja visiwa vyote vitazama. Wanayasema hayo wakitoka ufuoni wakijifunga mikanda, na kombe wa chakula cha jioni wako kwenye mchanga ule ule waliotoka kuuchafua. Choo kimoja mtaa mzima. Kimoja! Na ndicho hicho kinachotazamwa ofisini chini ya kioo, kama kwamba kazi imekwisha.

Alfajiri bado ninaamka mapema kwa mazoea. Wiki iliyopita nilimwona mke wa Kautuna amesimama kwenye ua wa Aroita, na ndoo ya maji mkononi. Naye sukari imemwanza, miguu imemvimba. Hakusalimu. Hakusema anakuja kwa bubuti. Alinyoosha mkono tu, akitazama pembeni.

Aroita alivua kamba shingoni, akampa. Akamwambia, "Ukitoka, acha pakavu."